Ashidikoni Owen na mawe ya magharibi



Mwenye kuijua Malaba anajua foleni ya malori. Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Busia, nikapita Malaba kumjulia hali binamu yangu, dereva wa kontena kutoka bandarini kwetu. Nilimkuta siku ya pili hajavuka. Badala ya kukaa kunywa chai ya tatu, nikapanda bodaboda hadi Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini.

Pale pana mwamba mkubwa ulioinama kama paa la baraza, na ukutani mna michoro ya miviringo myekundu na myeupe, na ng'ombe. Mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Wachimbaji wameona dalili za watu walioishi hapo miaka 9,000 hivi iliyopita, na kunde walizozifukua zina miaka 2,300 hivi. Kunde hizi hizi tunazozitia nazi.

Nikiteremka kijitoni niliokota kipande cha jiwe jeupe chenye makali, nikakitia mfukoni. Kijana wa bodaboda akaniambia kwa adabu, mzee, kirudishe kilipokuwa. Niliona haya, nikakirudisha. Njiani kurudi nikamkumbuka mtu ambaye jina lake bado lina uzito upande ule: Ashidikoni Owen.

Walter Edwin Owen alikuwa kasisi Mwingereza wa Kianglikana. Alifika Uganda mwaka 1904, na mwaka 1918 akafanywa ashidikoni, yaani mkuu wa makasisi chini ya askofu, wa Kavirondo. Kavirondo ya siku hizo ilikuwa nchi ya Wajaluo na Waluhya, Busia ikiwamo. Nchi hiyo ilihesabiwa Uganda mpaka 1902, ndipo ikatiwa Kenya kwa kalamu tu, na hadi leo jamaa wamegawanyika huku na huku ya mpaka.

Mwisho wa 1921 watu wa Kavirondo walikutana Lundha wakilalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Mwaka 1923 Owen akakigeuza chama chao kuwa chama cha walipa kodi, yeye akiwa rais wake. Wako waliosema, na wangali wanasema, kwamba aliipoza siasa, kwa vile wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini ni yeye pia aliyeandika hadi magazeti ya Uingereza kwamba wanawake na watoto walikuwa wakilazimishwa kutengeneza barabara. Dhahabu ilipoonekana Kakamega na serikali ikavunja ahadi yake kuhusu ardhi ya wenyeji, alipinga hadharani. Walowezi walimchukia hata wakakipotosha cheo chake na kumwita shetani mkuu wa Kavirondo.

Mtu huyu mwenye ugomvi na serikali alikuwa na mapenzi mengine. Katika safari zake za kanisa alikuwa akiangalia chini. Alipita kwenye kingo za mito na makorongo yaliyochimbwa na mvua, akitafuta mawe yaliyochongwa na watu wa kale: chembe za mishale na mikuki, visu na vikwaruzo. Mwaka 1933 alivumbua mifupa ya kale sana katika kisiwa cha Maboko, Ziwa Victoria. Mwaka 1938 aliandika juu ya mawe ya Kombewa, upande wa Seme. Mchongaji wa kale alibandua kibanzi kinene, kisha akakipiga kibanzi chenyewe kwenye upande wake wa tumbo, ule uliovimba, kikatoka kibanzi kingine chenye makali pande zote. Leo wataalamu duniani kote huuita uchongaji huo Kombewa, jina la kijiji cha Kenya.

Owen hakuwa msomi wa mambo ya kale. Kazi yake ilidumu kwa sababu alishika jiwe na pia mahali jiwe lilipotoka. Alifariki mwaka 1945, na baadaye Louis Leakey na mkewe Mary walichapisha, pamoja na jina lake, habari za vyungu vya kale vya Yala.

Kwa nini nawasimulia habari za kasisi wa bara? Kwa sababu nina deni. Nilipojenga kibanda changu Mtwapa, fundi alifukua vigae vya vyungu vya zamani, karai nzima. Nilimwambia avimwage kwenye msingi, vijazie shimo. Sikujua ni vya karne gani, na sasa hakuna atakayejua, kwani nimevitandikia zege. Nami najiita mtu wa pwani, nikilalama kila siku kwamba historia yetu inaandikwa na wengine.

Pale Panga ya Saidi, Kilifi, alikutwa mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alijulikana kwa sababu udongo wake ulifukuliwa taratibu, haukuzolewa kwa koleo.

Basi ukichimba msingi, kisima au shimo la choo, ukakuta kitu cha kale, kiache kilipo, piga picha, uwajulishe watu wa Makumbusho pale Fort Jesus. Sheria ya 2006 inakutaka uwaarifu. Kijana wa bodaboda hakusubiri sheria.

Binamu yangu alivuka usiku ule. Wassalaam.