Maisha ya Johannes Rebmann, Aliyevumilia Rabai Miaka 29



Mara nyingi tukutanapo katika mkutano wa walimu, husikika neno hili: Nimefundisha mwaka mzima, na walioandikwa katika darasa la ubatizo ni watatu tu. Mwalimu hulisema akiinamisha kichwa, kana kwamba ameshikwa na mali ya mwenzake. Nami nilipoanza kazi nililisema, nikaona aibu vivyo hivyo. Kwa ajili hiyo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyefanya kazi miaka ishirini na tisa katika nchi yetu ya Afrika Mashariki, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja dogo la siku hizi. Mtu huyo ni Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wa kanisa la Kilutheri. Akiwa kijana aliitikia wito wa kwenda kuwahubiri mataifa, akaingia chuo cha Misioni cha Basel katika Uswisi. Siku zile Misioni ya Kianglikana ya C.M.S. ilikuwa na fedha lakini ilipungukiwa na watu, ikachukua vijana wengi wa Basel. Rebmann alipelekwa London, katika chuo cha Islington, na mwaka 1845 akawekewa mikono. Hata tarehe 10 Juni 1846 akashuka pwani ya Mombasa, naye ana umri wa miaka ishirini na sita.

Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg kama yeye. Krapf alikuwa amekwisha kukaa Mombasa tangu mwaka 1844, na katika mwaka ule ule wa kwanza alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Basi jambo la kwanza Rebmann aliloonyeshwa Mombasa halikuwa mavuno, lilikuwa kaburi. Wala hakugeuka nyuma.

Mwezi wa Agosti mwaka ule wa 1846 hao wawili wakapanda kwenda Rabai, katika vilima nyuma ya Mombasa, kwa watu ambao zamani waliitwa Wanyika na siku hizi huitwa Wamijikenda. Wazee wa Rabai walikuwa wamewakubalia kukaa. Wote wawili walikuwa wangali na homa walipokwenda, wakafika wamechoka sana. Hivyo ndivyo kituo cha kwanza cha Misioni hii barani kilivyoanza: si kwa shangwe wala kwa mkutano mkubwa, bali kwa wagonjwa wawili wakitafuta mahali pa kulala.

Kwanza Rebmann alisafiri. Tarehe 27 Aprili 1848, wakati wa mvua, alitoka kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara, pamoja na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei akaona mbele yake mlima mkubwa, na juu yake weupe ung'aao. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, huyo hakuwa na jina lake, ila alisema ni baridi tu. Rebmann aliyezoea theluji tangu utoto akaitambua mara moja. Baadaye alisimuliwa na wenyeji kwamba mangi mmoja wa zamani aliwatuma watu wapande kuuchukua weupe ule, maana ulidhaniwa kuwa fedha; nao wakapatwa na baridi kali, wengi wasirudi. Akafika Kilema kwa Mangi Masaki, naye akampokea vema.

Mwishoni mwa mwaka ule alirudi Uchaga, akafika hata Machame kwa Mangi Mamkinga. Moyo wake ukawaka. Aliona nchi nzuri yenye maji na migomba, na watu wengi, akatamani Injili ihubiriwe pale na kuvuka mbele hata Unyamwezi. Kwa hiyo mwezi wa Aprili 1849 akaondoka mara ya tatu na mizigo ya nguo iliyokusudiwa safari ndefu. Lakini Mamkinga alimdai zawadi, akamdai tena, hata mizigo ikaisha. Rebmann akabaki mikono mitupu, naye akashikwa na ugonjwa wa tumbo. Alirudi Rabai mwezi wa Juni akiwa dhaifu, na safari ya Unyamwezi ikafia pale. Hakupata kufika tena Uchaga.

Na huzuni nyingine ilimngojea kutoka Ulaya. Habari zake za theluji zilipopigwa chapa mwaka 1849, wataalamu kadhaa walizicheka. Aliyepinga kwa ukali kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley wa London, mtu aliyechora ramani za Afrika bila kukanyaga nchi hizo. Yeye alisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta, akamfanya Rebmann kuwa mtu aliyedanganywa na macho yake. Fikirini, ndugu zangu: mtu amekwenda kwa miguu, ameumwa, ameibiwa, naye anaitwa mwongo na mtu aliyekaa chumbani mwake. Rebmann hakuacha kazi ili aende Ulaya kujitetea. Ilipita miaka kumi na zaidi. Ndipo Baron Carl Claus von der Decken alipofika Kilimanjaro, mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akaupima mlima, na theluji ikamwangukia yeye na wenzake. Neno la Rebmann likasimama.

Lakini jaribu lililo kubwa kuliko kucheka kwa watu lilikuwa Rabai kwenyewe. Wasaidizi walikuja wakatoweka. Mwaka 1849 alikuja Wagner, naye akafa kwa homa baada ya muda mfupi. Mwaka 1851 alikuja Pfefferle, naye akafa vivyo hivyo. Mwaka ule ule wa 1851 alibatizwa mtu wa kwanza, jina lake Mringe, kiwete, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Basi tunda la kwanza la kazi ya miaka mitano lilikuwa kiwete mmoja, naye mara akaenda kaburini. Wengine waliona kwamba hilo ni kama si kitu. Mbinguni, naamini, hawahesabu hivyo.

Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya afya yake. Mwaka 1855 Erhardt, aliyekuja pamoja na Wagner, naye akaondoka. Kabla ya kuachana, Erhardt na Rebmann walikuwa wamekusanya habari za wasafiri wa pwani juu ya maziwa ya bara, wakachora ramani moja. Ramani ile haikuwa sahihi, maana ilifanya maziwa yote kuwa bahari moja kubwa. Lakini ndiyo iliyowaamsha watu wa London kuwatuma Burton na Speke mwaka 1856. Wao walipata sifa, na Rebmann akabaki Rabai.

Hakubaki peke yake kabisa. Mwaka 1851 alikuwa amemwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza, huko Kairo, akaja naye Rabai, wakaishi katika kituo cha Kisuludini. Mtoto waliyezaa alikufa akiwa mchanga. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia nchi ile, watu wakatawanyika, na Rebmann na mkewe wakakimbilia Unguja kwa muda. Hali ilipotulia walirudi. Nami huona kwamba kurudi huku ni neno kubwa kuliko kwenda kwa kwanza. Aendaye mara ya kwanza hajui yatakayompata; arudiye anayajua yote, na bado anakwenda. Mwaka 1866 Emma alikufa. Baada ya kumzika mkewe, Rebmann alikaa miaka tisa tena.

Je, alifanya nini siku hizo zote? Alifundisha wachache waliokuja. Alihubiri. Na sehemu kubwa ya siku alikaa na maneno. Aliandika kamusi ya lugha ya Wanyika. Aliandika na kamusi ya lugha ya Wanyasa, ambayo alijifunza kwa mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetolewa kwao karibu na Ziwa Nyasa akaletwa pwani. Mtumwa yule, ambaye watu walimhesabu kuwa bidhaa, Rebmann alimketisha kama mwalimu wake. Kamusi ile ilipigwa chapa mwaka 1877, naye mwandishi alikuwa amekwisha kufa.

Haifai nimsifu kupita kweli. Wako waliomlaumu wakati ule, wakisema anapoteza miaka kwa vitabu na hatoki kutafuta watu. Krapf mwenyewe alitamani vituo vingi kutoka pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi, kama mnyororo. Rebmann alipenda kukaa mahali pamoja na kungoja. Pengine alikuwa mgumu, na upweke huzidisha ugumu wa mtu. Ubatizo aliutoa kwa uangalifu mwingi, wala hakutaka kuongeza hesabu ili awapendeze waliomtuma. Wakristo wake walikuwa wachache. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa mzee Abe Gonja. Ila wachache wale walisimama, na alipoondoka hawakutawanyika.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, akafika na Rabai. Alimkuta mzee aliyepofuka machoni, angali akishughulika na kamusi zake. Mwaka ule soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1874 C.M.S. ikamtuma W. S. Price, na mahali pa watumwa waliowekwa huru pakatengenezwa Kisauni, pakaitwa Freretown kwa jina la Frere. Msaada ambao Rebmann aliungoja kwa miaka mingi ulifika wakati ambapo hakuweza tena kuona nyuso za waliouleta.

Mwaka 1875 aliondoka. Tangu alipotoka Ulaya alikuwa hajarudi hata mara moja. Alishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyemwongoza katika safari yote hata Ulaya. Hapa naomba tusimame kidogo. Mzungu aliyekuja kuwaongoza watu wa Rabai alirudi kwao akiongozwa na mtu wa Rabai. Kama mtu akiuliza matunda ya miaka ishirini na tisa, na amtazame Nyondo, aliyeacha nyumba yake akavuka bahari kwa ajili ya mzee kipofu. Upendo wa namna hii haununuliwi kwa nguo wala kwa shanga. Hufundishwa polepole.

Waganga wa Ulaya walijaribu kuyaponya macho yake, wasiweze. Akakaa Korntal karibu na rafiki yake Krapf, na huko akafa tarehe 4 Oktoba 1876, mwenye umri wa miaka hamsini na sita.

Sasa sikieni yaliyofuata. Tangu mwaka 1864 walikuwa wametumwa kusaidia kazi yake Waafrika waliookolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi, kati yao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka hao wawili kuwa mashemasi, na Jones akawa mchungaji wa watu wa Rabai. Na Machame je, kule ambako Mamkinga alimaliza mizigo yake? Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walikuja wakaanzisha kituo cha kwanza cha kazi yao ya Uchaga hapo hapo Machame. Miaka arobaini na minne ilikuwa imepita tangu Rebmann aondoke pale akiumwa, hana kitu. Watoto wa watoto wa wale waliomtazama akienda zake wakasikia Injili, nasi tunazijua sharika zilizotoka huko.

Yeye hakuyaona hayo. Imani yake alipokuwa kijana ilitazama mbali, hata Unyamwezi. Alipokuwa mzee ilijifunza kutazama karibu, neno moja la kamusi, mwanafunzi mmoja, siku moja. Wengine wataona kwamba imani hiyo ilipungua. Mimi naona ilikomaa, kama mti unaoacha kurefuka ili mizizi ishike.

Basi, mwalimu mwenzangu mwenye wanafunzi watatu, rudi kwao Jumatatu. Wajue kwa majina yao. Usiongeze hesabu katika taarifa yako, wala usiipunguze kwa huzuni. Walio wako ni watatu, na Mringe alikuwa mmoja. Waulize habari za nyumbani kwao, uwafundishe neno lile lile ulilofundisha jana ikiwa halijaingia, na jioni uwaombee. Aliyekupa hao watatu anajua kwa nini hakukupa thelathini.