Tokujiro Namikoshi: Mtoto aliyemkanda mama yake na kuanzisha shiatsu

KIGALI. Vyumba vya masaji si jambo geni tena katika jiji hili. Baadhi ya wanaofanya kazi hiyo ni vijana wasioona, waliofunzwa na Seeing Hands Rwanda ili wajipatie riziki kwa mikono yao. Miongoni mwa aina za masaji zinazojulikana duniani ipo shiatsu, neno la Kijapani lenye maana ya mgandamizo wa vidole. Historia ya aliyeifanya kuwa taaluma ina funzo kwa nchi za Afrika Mashariki.

Tokujiro Namikoshi alizaliwa Novemba 3, 1905 katika kisiwa cha Shikoku, kusini mwa Japani. Alipofikisha miaka saba, familia yake ilihamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye baridi kali. Haukupita muda, mama yake, Masa, akashikwa na baridi yabisi. Maumivu yalianza magotini, yakaenea hadi kwenye viwiko na mabega. Kijijini hapakuwa na daktari, hivyo watoto wakawa wanapokezana kumkanda.

Inasimuliwa kwamba mama huyo aliona mikono ya Tokujiro ndiyo inayompa nafuu zaidi. Mtoto naye aligundua kwamba mwili haulingani kila mahali: sehemu nyingine ilikuwa ya moto, nyingine ya baridi, nyingine imekaza. Akaacha kusugua, akaanza kugandamiza kwa dole gumba na kiganja, akikazia zaidi pale penye ugumu na baridi. Mama yake akapata nafuu. Baadaye Namikoshi alieleza kuwa kugandamiza sehemu ya chini ya mgongo kuliziamsha tezi zilizo juu ya figo. Hayo yalikuwa maelezo yake, si matokeo ya utafiti wa hospitali.

Mwaka 1925 alifungua kituo chake cha kwanza Hokkaido. Mwaka 1933 alihamia Tokyo, na mwaka 1940 akaanzisha chuo cha shiatsu katika jiji hilo.

Mbinu aliyofundisha haihitaji vifaa vingi. Anayekandwa hulala juu ya godoro jembamba sakafuni akiwa amevaa nguo zake, bila kupakwa mafuta. Mkandaji hunyoosha mikono na kuegemeza uzito wa mwili wake, asitumie nguvu za misuli ya mkono peke yake. Mgandamizo huelekezwa wima, huongezwa polepole, hushikiliwa kwa sekunde chache, kisha huachiwa taratibu. Shingoni muda huwa mfupi zaidi. Vidole hivyo hivyo vinavyotibu ndivyo vinavyopima, kwa kutafuta palipokaza. Mwenye homa, ugonjwa wa kuambukiza au mfupa uliovunjika hapaswi kukandwa.

Namikoshi alitegemea elimu ya misuli na mishipa ya fahamu. Shizuto Masunaga, aliyewahi kufundisha chuoni hapo, alirudi kwenye njia za nishati za tiba ya asili ya Mashariki, na ndiyo maana leo kuna shiatsu za aina zaidi ya moja. Wengi huisifu kwa kutuliza uchovu na maumivu, ingawa ushahidi wa kisayansi kwamba inaponya magonjwa bado ni mdogo.

Kibarua kigumu zaidi kilikuwa kutambuliwa. Japani ilikuwa na anma, ukandaji wa jadi ambao kwa karne nyingi ulikuwa kazi ya wasioona. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sheria ya mwaka 1947 iliweka utaratibu wa leseni kwa anma na tiba ya sindano, lakini shiatsu haikutajwa kwa jina. Ilipofika 1955 sheria hiyo ikarekebishwa na shiatsu ikaingizwa. Chuo cha Namikoshi kilipata idhini ya serikali mwaka 1957.

Umaarufu nao haukumpita. Mwaka 1954, mwigizaji Marilyn Monroe aliugua tumbo akiwa Japani, na Namikoshi akaitwa kumkanda. Habari hizo zilienea nchi nzima. Baadaye alionekana mara kwa mara kwenye televisheni, akijulikana kwa kicheko chake kikubwa. Alifariki Septemba 25, 2000, akiwa na umri wa miaka 94.

Kwa kanda yetu, sehemu ya kuzingatia ni ile miaka 15 kati ya kufunguliwa kwa chuo na kuingizwa kwa jina la shiatsu katika sheria. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi wanachama zitambue vyeti vya kitaaluma vya kila mmoja. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshatiliana saini makubaliano ya aina hiyo. Wakandaji hawamo. Kijana asiyeona aliyehitimu Kigali anaweza kuwa na mikono hodari, lakini akitafuta kazi Mombasa au Arusha hana makubaliano ya kikanda ya kumtetea. Namikoshi naye alianza bila karatasi, ila hakuridhika kubaki hivyo: alijenga chuo, akaweka mtaala, na akaendelea hadi sheria ikamtambua.