Maisha ya Askofu Edward Steere, Aliyewafikisha Watu Masasi

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi huiacha bahari nyuma yake, akafuata upande wa bonde la mto Lukuledi, na nchi ya juu ya Wamakonde huwa mkono wake wa kushoto. Mwishoni huona majabali makubwa yamesimama peke yake katika nchi tambarare, naye hujua ya kuwa amefika. Leo ni safari ya saa chache kwa motokaa. Katika mwaka wa 1876 ilikuwa safari ya miguu, katika pori lenye njaa na hofu, na njia yenyewe ilikuwa njia ya misafara ya watumwa. Mwaka ule watu zaidi ya hamsini, waume kwa wake, waliipita njia hiyo wakielekea bara. Walikuwa wamekwisha kuletwa pwani zamani kwa nguvu, wakiwa watumwa. Sasa walikuwa wakirudi wakiwa watu huru. Aliyekuwa mbele yao ni Askofu Edward Steere. Kanisa lake si letu sisi Walutheri, lakini kazi yake imetufikia sote, nayo yafaa tuijue.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika chuo kikuu cha mji ule, akajifunza sheria mpaka akapata cheo cha udaktari wa sheria, naye akaruhusiwa kuwa wakili mbele ya mahakama. Njia ya heshima na fedha ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile, akaiacha, na katika mwaka wa 1856 akawekewa mikono kuwa shemasi. Akahudumu katika sharika ndogo za mashamba, na miongoni mwa wavuvi na wakulima wa Skegness, karibu na bahari ya mashariki ya Uingereza. Huko alijifunza jambo ambalo chuo hakikumfundisha, yaani kukaa na watu wa kazi na kusema nao kwa maneno wanayoyafahamu. Baadaye jambo hilo lilimfaa sana.

Katika siku zile ilikuwako misheni mpya, iliyoanzishwa baada ya Daktari Livingstone kuwahutubia watu wa Cambridge mwaka wa 1857. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, alipokuwa hajatimiza hata mwaka mmoja katika nchi za mto Shire. Wengi walidhani ya kuwa kazi imekwisha. Rafiki yake Steere, jina lake Tozer, akachaguliwa kuwa askofu wa pili, na Steere akakubali kufuatana naye kwa muda, ili amsaidie tu. Wakaondoka Ulaya mwaka wa 1863. Wakakaa mlimani Morumbala, wakaona ya kuwa mahali pale hapafai, wakapaacha. Tarehe 31 Agosti 1864 wakafika Unguja. Basi yule aliyekuja kwa muda alitumika katika kazi hiyo muda wa karibu miaka ishirini, mpaka kufa kwake.

Walipofika Unguja hawakuwa na shule wala kanisa, wala hawakuijua lugha. Sultani Majid akawapa watoto watano, wavulana waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yao. Mmoja wa watoto hao, John Swedi, katika mwaka wa 1879 aliwekewa mikono na Steere mwenyewe awe shemasi. Tangu siku ya kumpokea mtoto yule hata siku ya kumweka shemasi ilipita miaka kumi na mitano ya kufundisha, kuonya na kungoja.

Steere akaanza kujifunza Kiswahili. Hakungoja awe na vitabu, kwa kuwa vilikuwa vichache mno. Dr. Krapf, Mjerumani aliyekaa Mombasa tangu 1844, alikuwa amekwisha kutangulia na kuandika mengi, lakini Kiswahili cha Unguja kilikuwa bado hakijaandikwa vema kwa herufi hizi tuzisomazo. Steere akaketi na wenyeji, akawauliza, akaandika, akafuta, akaandika tena. Aliwasikiliza wasimulia hadithi, wazee kwa vijana. Mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu wa Unguja, Sheikh Abdul Aziz, alimsaidia katika mambo ya lugha, ingawa katika mambo ya dini hawakupatana. Yule daktari wa sheria hakuona haya kuwa mwanafunzi mbele ya watu wa nchi.

Ilikuwako pia mashine ndogo ya kupiga chapa. Steere akajifunza kazi ile, akawafundisha wavulana kupanga herufi za risasi moja moja, na kusahihisha karatasi kwa uvumilivu. Kazi hii haina sifa mbele ya macho ya watu. Mtu huinama mezani siku nzima, na jioni huwa amemaliza ukurasa mmoja, na katika ukurasa ule kosa moja laweza kumrudisha mwanzo. Lakini kwa namna hii ndivyo vilivyotoka vitabu vya kwanza vya shule, na sehemu za Injili, na sala. Katika mwaka wa 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatoka, pamoja na kitabu cha hadithi za Unguja alizozikusanya. Akaendelea kutafsiri Agano Jipya mpaka akalimaliza lote. Wenziwe walimaliza kazi ya Agano la Kale baada yake, na Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1891.

Alikuwa amerudi Uingereza mwaka wa 1868, na huko angeweza kukaa salama. Lakini katika mwaka wa 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikabomoa nyumba za misheni, na Askofu Tozer alikuwa amedhoofika kwa ugonjwa. Steere akarudi. Mkewe alibaki Uingereza, na kutengana huku kulikuwa mzigo alioubeba miaka yote iliyosalia. Tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa kuwa askofu.

Mwaka uliotangulia, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia mkono mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Misheni wakapata kiwanja kile. Siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa, mahali palepale ambapo watu walikuwa wakiuzwa. Steere mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alichora, alipima, alisimama juani pamoja na waashi, akitazama jinsi wanavyochanganya saruji na mawe ya pwani yaliyopondwa. Dari aliifanya ya mviringo, bila boriti, na wengi walisema itaanguka. Husimuliwa pia ya kuwa siku moja alipokuwa hayupo mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini, nazo zimebaki hivyo hata leo. Kazi ile ilichukua miaka sita. Kanisa likafunguliwa siku ya Krismasi 1879, na dari ile haijaanguka.

Hata hivyo Steere hakusahau ya kuwa misheni yake ilitumwa bara, kwa watu wa Ziwa Nyasa. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hata Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Akarudi na shauri moyoni. Pale Unguja, katika shamba la Mbweni, walikuwako watu wengi waliokombolewa katika majahazi, na wengi wao asili yao ni nchi zile za bara. Aliona ni haki kuwarudisha wale watakao kurudi, wakae pamoja kama mji wa Kikristo, karibu na ziwa.

Basi mwezi wa Oktoba 1876 wakavuka bahari mpaka Lindi, na kutoka huko wakashika njia ya bara. Pamoja na Askofu walikuwako vijana wawili Waingereza, Johnson na Beardall, na wapagazi wenye mizigo. Tufikiri kidogo safari ile ilikuwaje kwa wale waliokombolewa. Kila hatua iliwakumbusha siku walipoletwa pwani. Njiani iliwezekana kuona mifupa ya waliokufa misafarani. Wala hapakuwa na askari wa kuwalinda, wala ahadi ya mtu yeyote ya kuwa hawatakamatwa mara ya pili. Lakini walikwenda.

Mwezi wa Novemba wakafika Masasi. Nchi ilikuwa nzuri, maji yalikuwako, na majabali yalikuwa kama ngome. Hapo watu wakamwambia Askofu ya kuwa hawataki kuendelea. Walikwisha kuisikia harufu ya kwao, na nchi hii iliwatosha. Ziwa lilikuwa bado mbali sana, na shauri la Askofu lilikuwa ziwa. Angaliweza kuwalazimisha, maana chakula na mizigo vilikuwa mkononi mwake. Lakini watu hawa walikuwa wamekwisha kuendeshwa na wengine siku nyingi za maisha yao. Steere akawasikiliza, akalibadili shauri lake, akakubali. Wakagawanya viwanja, wakajenga vibanda, wakafyeka mashamba. Askofu akakaa nao mpaka kazi iliposimama, kisha akawaacha wenziwe pale, akarudi kwenye karatasi zake na chokaa yake huko Unguja.

Wapenzi wasomaji, hapa yafaa tusimame kidogo. Wengi wetu hudhani ya kuwa mtu mwenye kusudi ni yule asiyegeuza shauri lake hata kidogo. Steere hakuwa hivyo. Kusudi lake lilikuwa kumtumikia Bwana kwa kuwatumikia watu hawa, na kusudi hilo hakulibadili tangu Morumbala hata mwisho. Lakini mahali na njia aliviacha mikononi mwa Mungu. Kama angalishikamana na ziwa kwa ukaidi, labda msafara ungalitawanyika, na Masasi isingalikuwa mji wa Kikristo siku zile.

Katika mwaka wa 1882 alikwenda Uingereza kwa ajili ya kazi ya vitabu, akarudi Unguja mwezi wa Agosti, amechoka mwili. Alikuwa amekwisha kutafsiri pia kitabu cha nabii Isaya. Tarehe 27 Agosti akafa usingizini, umri wake miaka hamsini na minne. Wakamzika ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu.

Mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, wakaishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa moto, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na baadhi yao wakakombolewa baadaye kwa mali. Kazi ya miaka sita ikawa majivu. Kama ungalipita pale mwezi ule, ungalisema ya kuwa Askofu alitaabika bure, tena amekufa kwa wakati mwema asije akaona.

Lakini kazi haikukoma pale. Mwaka wa 1883 Padre Maples na wenziwe wakahamia Newala, juu ya nchi ya Wamakonde, kwa mfalme Matola, wakaanza tena. Baadaye Masasi nayo ikainuka, na katika mwaka wa 1926 ikawa makao ya askofu wake yenyewe. Wale wa kwanza walioweka jembe katika ardhi ile walikuwa wamefundishwa na mtu aliyeanza upya mara nyingi: baada ya Morumbala, baada ya tufani, baada ya kila ukurasa wenye kosa.

Nasi leo, tunaposoma Neno la Mungu kwa Kiswahili katika sharika zetu, tunakula matunda ya meza ile ya Unguja, kwa kuwa watafsiri waliofuata walijenga juu ya kazi ya waliotangulia. Mwinjilisti anayefundisha watoto wanne chini ya mwembe, na mama anayesali na nyumba yake kabla ya kwenda shambani, asiidharau kazi yake kwa kuwa ni ndogo na hujirudia kila siku. Steere hakuona Masasi iliyoinuka baada ya moto. Aliona ukurasa wa siku yake tu, akausahihisha vema, akalala.