Corneille Heymans: mtoto aliyeendeleza kazi ya baba



Zamani nilikuwa nadhani kijana anayeshika kazi ya baba yake amekosa ndoto zake mwenyewe. Maisha ya Corneille Heymans yamenifanya nifikiri upya.

Alizaliwa mwaka 1892 mjini Ghent, Ubelgiji, akasoma katika shule za Kikatoliki, zikiwemo za Wajesuiti. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamtoa masomoni, akawa afisa wa mizinga. Alirudi, na mwaka 1920 akapata shahada ya udaktari. Baba yake, Jean-François, alikuwa profesa wa elimu ya dawa palepale Ghent, na ndiye aliyeanzisha taasisi ya somo hilo. Corneille akaingia maabara ya baba, wakafanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1930 akarithi kiti cha baba yake na kuiongoza idara. Miaka miwili baadaye mzee akafariki.

Walitafuta nini? Ukipanda mlima unahema, sivyo? Nani anaujulisha mwili kwamba hewa haitoshi? Heymans alionyesha kwamba shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, kuna kinundu kidogo sana kinachopima damu. Oksijeni ikipungua, kinapeleka habari kwenye ubongo, nasi tunapumua kwa kasi. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Alikuwa pia mwanachama wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Alifariki mwaka 1968.

Lakini kuna jambo linanigusa zaidi. Tuzo ilibeba jina moja tu. Baba alikuwa kaburini. Na Mhispania Fernando de Castro, aliyekichunguza kinundu hicho kwa hadubini na kuhisi mapema kwamba kinaonja damu, hakupata kitu.

Kwa kweli, hakuna anayefika peke yake. Amri ya Nne haiishii kwenye kutii tu; inatudai pia kukumbuka waliotubeba, hata wale ambao hawakupigiwa makofi.

Leo jioni, kabla hujalala, taja mbele za Mungu majina matatu: mzazi, mwalimu, na mtu mmoja aliyekusaidia kimyakimya na hukuwahi kumshukuru. Kama yu hai, kesho mpigie simu. Kama ametangulia, msalie Raha ya Milele.