Joginder Singh: Kalasinga wa Kericho Aliyechukua Ndinga ya Mtumba Akabeba Safari Rally

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, story mtaani huwa ni Vasha. Nani anabebwa na gari ya nani, keja ya wikendi ni ngiri ngapi, nyama inachomwa wapi, DJ ni nani. Magari yenyewe wengi huyaona yakipita mara moja, vumbi linawajaa macho, kisha wanarudi kwa muziki. Hiyo iko sawa, kila mtu na raha zake. Lakini kuna jina moja ukilitaja mbele ya babu yako, iwe ni Kitale, Bungoma ama Kericho, mzee atakaa wima kwa kiti. Jina lenyewe ni Joginder Singh.

Kuna wazee mpaka leo wakiona dere wa matatu anakanyaga mafuta kupita kiasi wanauliza kama anajifanya Joginder. Vijana wengi wanasikia hilo jina wakidhani ni matusi. Wueh! Hiyo ilikuwa sifa. Kaa hapo nikuchoree ramani.

Fundi kwanza, dereva baadaye

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Hakuja Kenya kama mgeni wa kupimiwa njia na hoteli. Alikuwa mtoto wa hapa, ameona mvua ya Kericho na tope lake kabla hajajua usukani ni nini.

Jamii yake ni Wasikh, wale ambao Wakenya tumezoea kuwaita Makalasinga. Wengi wa watu wao walikuja enzi za kujenga reli, ile iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Walijulikana kwa kazi za mikono: useremala, uhunzi na ufundi wa magari. Ndio maana mpaka leo ukisema gari yako imetengenezwa na Kalasinga, wasee hawakuulizi maswali mengi.

Joginder naye aliingia humo humo. Alikuwa mekanika kabla ya kuwa staa. Mikono yake ilijua girisi kabla ijue vikombe. Shika hilo neno mekanika vizuri, kwa sababu maisha yake yote ya rali yamefichwa hapo. Alianza mashindano 1958 akiwa na miaka 26, umri ambao siku hizi watu wanaanza kujiita wazee. Mwaka uliofuata, 1959, akaingia Safari Rally kwa mara ya kwanza.

Safari ya enzi hizo ilikuwa noma

Kabla tuendelee, futa picha ya Vasha kwa akili. Safari ilianza 1953, wakati huo ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kuanzia 1960 ikaitwa East African Safari, na jina lilikuwa na sababu: magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo ilikuwa karibu kilomita 5,000 kwa siku chache za Pasaka, mchana na usiku.

Pasaka nayo unaijua. Ndio wakati mvua ya masika inafunguka. Barabara nyingi zilikuwa za udongo mtupu. Leo tope, kesho vumbi, mbele kuna mto umefurika, nyuma kuna ng'ombe wamelala njiani. Na barabara hazikufungwa, kwa hivyo ukikata kona unaweza kupatana na lori ya mahindi uso kwa uso. Msee wa Trans Nzoia aliyewahi kukwama na nduthi mwezi wa nne anaelewa hii story bila kuongezewa chumvi.

Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza. Yaliyomaliza? Saba peke yake. Mwaka wa 1968 ikawa vile vile, yakaanza 93 na yakamaliza saba. Kwa hivyo swali la kwanza la Safari halikuwa nani ana spidi. Swali lilikuwa nani atafika.

Pasaka ya 1965

Hapa ndipo utamu uko. Kampuni ya Volvo ya Sweden ilikuwa imeleta magari yake kwa Safari ya 1964, mambo yakaenda mrama. Moja ya hizo gari, Volvo PV544, ikabaki Kenya. Hiyo PV544 ni ile ndinga ya kizamani yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Kufikia 1965 ilikuwa gari ya kuelekea kustaafu, kwa sababu mwaka huo huo Volvo waliacha kabisa kuitengeneza.

Joginder akaichukua. Navigeta wake alikuwa ndugu yake wa damu, Jaswant Singh. Hebu fikiria hiyo picha: mabro wawili wenye vilemba, ndani ya gari ambayo wenyewe walioiunda walishaivulia mikono, wanaenda kushindana na timu zilizotumwa na viwanda vya Ulaya zikiwa na mafundi na vipuri vya kumwaga.

Tofauti ilikuwa moja. Joginder aliijua hiyo gari nati kwa nati. Gari ya Safari haikutakiwa kuwa nyepesi na ya kurembeka. Ilitakiwa iinuliwe ili tumbo lisibusu mawe, iwekewe bamba la chuma chini kukinga injini, taa za nguvu za kumulika usiku, springi na shoki za kuvumilia mashimo, na spea za kutosha bila kuifanya nzito kama trela. Kila kitu unachoongeza kinakula spidi, na kila kitu unachoacha kinaweza kukuacha porini. Kupima hiyo mizani ndiyo kazi, na mtu aliyeshika spana miaka yote hiyo huipima vizuri kuliko mtu aliyepewa ufunguo tu.

Bahati nayo ikatabasamu. Walianza wakiwa nambari moja barabarani. Ukiwa wa kwanza, hauli vumbi la mtu, na tope unalipata kabla magari mengine hayajalikoroga likawa uji. Lakini pia hakuna alama ya gari ya mbele ya kukuonyesha njia, kwa hivyo navigeta akilala mnapotea. Jaswant hakulala.

Walirudi Nairobi wakiwa washindi, na gap waliyoacha nyuma ilikuwa kubwa. Joginder akawa dereva wa kwanza wa jamii ya Kihindi kubeba Safari. Kumbuka huo ni mwaka wa 1965, uhuru bado una harufu ya rangi mpya. Washindi wa miaka ya nyuma karibu wote walikuwa Wazungu. Watu wa kawaida waliosimama kando ya barabara, wale ambao husukuma magari yakikwama, wakaona mtu wa humu humu, fundi, ameshinda na gari iliyotumika. Singh maana yake ni simba, na mashabiki walielewa hivyo bila kufafanuliwa. Magazeti ya nje nayo yakamwita Sikh anayepaa.

Miaka tisa ya kusota

Wengi hudhani ukishinda mara moja milango yote inafunguka. Joginder alishinda 1965, halafu akangoja mpaka 1974 kushinda tena. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya ushindi wa kwanza alikuwa tayari yuko shule ya msingi.

Si ati alikuwa amelala. Alirudi kila Pasaka. Mwaka wa 1970 alimaliza wa pili akiwa na Datsun, nyuma ya Edgar Herrmann. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, na Ford Escort. Wageni walikuwa wameanza kujua siri. Mwaka wa 1973 Safari ikaingia kwa kalenda ya ubingwa wa dunia, na kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, akashinda na Datsun 240Z. Joginder alikuwa amepita miaka 40. Wasee wa mdomo lazima walishasema wakati wake umeisha.

Lancer dhidi ya Porsche

Halafu ikaja 1974. Mitsubishi wa Japani walikuwa na kigari kidogo, Colt Lancer, injini ya 1600. Upande ule mwingine kulikuwa na Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911, injini ya 2700. Kwa karatasi, hiyo ni kama kupeleka nduthi ya boda ishindane na Subaru.

Mvua ikanyesha vibaya mwaka huo. Na mvua ya Safari haikuangalia bei ya gari. Joginder na navigeta wake David Doig wakashinda, Porsche ikafuata nambari mbili. Huo ndio ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi kwa ubingwa wa dunia wa rali. Kila mtu unayemwona leo Eldoret ama Kitale amejipiga kifua juu ya Lancer Evo yake, jina la hiyo gari lilipata heshima kwa tope la kwetu, mikononi mwa msee wa Kericho.

Mwaka wa 1976 akarudia, na Doig tena, na Lancer tena. Mara hii Mitsubishi zikachukua nambari moja, mbili na tatu. Joginder alikuwa na miaka 44, na akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Mehta alimpita na kufikisha tano, lakini mlango wa tatu ulifunguliwa na Joginder.

Namba inayonimaliza mimi

Watu husifu vile vikombe vitatu. Mimi namba inayonimaliza ni nyingine. Kati ya 1959 na 1980 Joginder aliingia Safari 22. Alimaliza 19. Soma tena: 19 kati ya 22, kwa mashindano ambayo mwaka mwingine yalikuwa yanarudisha magari saba pekee nyumbani.

Hiyo haiwezi kuwa bahati. Bahati inakupa Pasaka moja, haikupi miaka 22. Hiyo ni mtu anayesikia gari ikilia kabla haijavunjika, anayejua hapa nikanyage na hapa niitunze. Dereva wa spidi tupu hufika mbio mahali gari itamfia. Fundi hufika mwisho.

Sasa wewe wa nduthi

Najua unauliza hii inakuhusu aje na wewe una nduthi tu. Inakuhusu sana. Western na North Rift tumejaa vijana wenye mkono. Nenda stage yoyote ya boda Bungoma ama Kitale, utapata kijana anasikiliza injini kwa sekunde mbili anakuambia kabureta ina shida. Hiyo ni talanta ile ile ya Joginder, imekosa tu uwanja.

Anayeshindana na nduthi kwa klabu anajua wikendi haianzi bendera ikishuka. Inaanza Ijumaa jioni. Unaangalia upepo wa tairi, maana ukijaza sana nduthi inateleza kwa murram, na ukipunguza sana rimu inaumia kwa mawe. Unapima cheni, isikaze kama waya na isilegee ikaruka. Unaamua sproketi ya nyuma: meno mengi nduthi inavuta kwa mlima lakini inakosa mbio kwa tambarare. Unasafisha filta, kwa sababu vumbi likiingia kwa injini umekwisha. Jumamosi unajaribu, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu tena. Jumapili ikifika, nusu ya mbio imeshaamuliwa na spana.

Lakini kile tunaona sana ni kingine. Jioni vijana wanatoa sailensa, wanalala juu ya tanki, wanafukuzana kwa lami ya Webuye kuelekea Malaba kati ya matrela. Hakuna helmeti, breki za nyuma zimekwisha kitambo. Wakiulizwa wanasema ni mbio. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyelazwa mguu ukiwa kwa vyuma, ama aliyezikwa. Mbio ina mwanzo, ina sheria, na ina mwisho ambao watu wanangoja ufike. Ile ya barabarani ina mwanzo tu.

Joginder alipita kwa barabara mbaya kuliko zetu, usiku, kwa mvua, akiwa na haraka kutuliko, na alirudi nyumbani mara 22.

Mwisho wa safari yake

Baada ya 1980 hakuonekana tena kwa orodha ya Safari. Rali yenyewe ilipanda na kushuka: ikatolewa kwa ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikakaa nje miaka mingi, ikarudi 2021. Joginder hakuona huo mwaka. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na miaka 81, si kwa ajali, si kwa mashindano.

Kwa hivyo wikendi ya rali ikija, kula nyama, cheza ngoma, piga picha. Lakini ukiona gari ya privateer, ile haina mastika mengi, imebandikwa bandikwa na imechelewa, ipigie kelele kuliko zote. Na kama wewe ni fundi wa mtaa na mtu anakuambia spana haina future, mwambie akatafute nani alibeba Safari ya 1965, na alikuwa na gari gani.