Montesquieu: Jaji aliyeuza kiti chake akazipima serikali za dunia

MNAMO mwaka wa 1726, jaji mmoja wa jiji la Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, aliuza wadhifa wake kama mtu auzavyo shamba. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Katika Ufaransa ya zama zile, vyeo vya mahakama vilikuwa mali ya familia, vikinunuliwa na kurithiwa. Jaji huyo, Charles-Louis de Secondat, maarufu kwa jina la ubaroni wake, Montesquieu, alikirithi kiti hicho kutoka kwa ami yake aliyefariki mwaka wa 1716. Mashauri yenyewe aliyaelewa, ila taratibu za mahakama zilimchosha.

Alizaliwa Januari 18, 1689, katika kasri la La Brède, karibu na Bordeaux. Husimuliwa kwamba wazazi wake walimteua ombaomba kuwa baba yake wa ubatizo, ili mtoto asije akasahau kwamba maskini ni ndugu zake. Mamaye alifariki akiwa na umri wa miaka saba. Mwaka wa 1715 alimwoa Jeanne de Lartigue, mwanamke wa madhehebu ya Kiprotestanti, imani iliyokuwa imepigwa marufuku nchini humo tangu 1685. Hivyo basi, mtu aliyekuja kuandika mengi kuhusu sheria dhalimu alikuwa akiishi na mojawapo nyumbani mwake.

Umaarufu ulimjia mwaka wa 1721 alipochapisha, bila kutaja jina lake, riwaya ya barua za Waajemi wawili wanaozuru Paris na kustaajabia vituko vya Wafaransa. Wasomaji walicheka, lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na jambo zito. Mmoja wa wageni hao hujadili uhuru kwa ufasaha akiwa ugenini, ilhali kwake Uajemi wake zake wamefungiwa chini ya ulinzi wa matowashi, wakitawaliwa kwa hofu. Mwishowe nyumba hiyo inaasi. Nadharia yake ya uimla ilianzia pale.

Baada ya kuuza kiti, alifunga safari mwaka wa 1728. Alipita Austria, Hungary, Italia, Ujerumani na Uholanzi, akaandika shajara ya kila alichokiona. Mwishoni mwa mwaka wa 1729 alivuka bahari hadi Uingereza, akakaa huko hadi 1731. Alihudhuria vikao vya Bunge, akasoma magazeti yaliyowashambulia mawaziri waziwazi, akashangaa kwamba waandishi wake hawakuwa gerezani.

Alichovuna kilimchukua takriban miaka ishirini kukipanga. Kitabu chake kikuu, Roho ya Sheria, kilitoka Geneva mwaka wa 1748, tena bila jina la mwandishi. Tangu Aristotle, wataalamu walikuwa wakizigawa serikali kwa kuhesabu watawala: mmoja, wachache au wengi, na kuuliza iwapo wanatawala kwa manufaa ya wote. Montesquieu aliona hesabu hiyo haitoshi. Kwake, mfalme anayefungwa na sheria na mtawala wa kiimla asiyefungwa na chochote si ndugu, ijapokuwa kila mmoja anatawala peke yake. Kwa hiyo aligawa serikali katika jamhuri, ufalme na uimla, kisha akaongeza swali ambalo hadi leo ni nguzo ya somo la kulinganisha mifumo ya utawala: ni kitu gani kinachoisukuma kila serikali? Jamhuri husukumwa na uadilifu wa raia, yaani kuipenda nchi na sheria zake. Ufalme na heshima ya vyeo. Uimla na hofu. Msukumo huo ukioza, alionya, sheria nzuri hazisaidii kitu.

Sura iliyompa jina zaidi ni ile ya katiba ya Uingereza, anapodai kwamba mamlaka ya kutunga sheria, ya kuzitekeleza na ya kuhukumu yasishikwe na mkono mmoja. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka wa 1988, Bunge lilipowaondolea majaji kinga ya kutofutwa kazi ovyo, hawahitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Kinga ilirejeshwa mwaka wa 1990. La ajabu ni kwamba Uingereza yenyewe haikuwa hivyo kamili, kwani mawaziri wake waliketi Bungeni, na wangali wanaketi. Waliomfuata kwa dhati ni Wamarekani katika katiba yao ya 1787. Kenya nayo ilikuwa na mawaziri wabunge kwa mtindo wa Waingereza hadi Katiba ya 2010 ilipotenganisha kazi hizo.

Si kila alichoandika kilistahili kudumu. Alidai kwamba joto hulegeza watu na kuwazoesha utumwa, akalihukumu bara la Asia kwa kutegemea vitabu vya wasafiri. Hakuwahi kukanyaga Asia wala Afrika. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliwakejeli vikali watetezi wa biashara ya watumwa weusi, na hilo si dogo kwa mtu wa Bordeaux, bandari iliyotajirishwa na biashara hiyo na mazao ya mashamba ya watumwa.

Kanisa Katoliki liliorodhesha kitabu chake miongoni mwa vilivyopigwa marufuku mwaka wa 1751. Haikuzuia kitu: Malkia Catherine wa Urusi alichota humo kwa mapana alipoandaa maagizo yake ya sheria ya 1767, akikwepa kwa werevu sehemu zilizomgusa yeye.

Macho yalikuwa yamemfifia Montesquieu kiasi cha kuwategemea makarani kumsomea na kumwandikia. Alifariki kwa homa jijini Paris, Februari 10, 1755. Kati ya waandishi mashuhuri wa siku hizo, inaelezwa kuwa ni Diderot pekee aliyefika mazishini. Alizikwa katika kanisa la Saint-Sulpice. Miongo michache baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka, na ingawa viongozi wake walilitia wazo lake la kutenganisha mamlaka katika Azimio la haki la 1789, mifupa yake ilipotea katika ghasia hizo na haijapatikana.