Maurice Richard: mabao 50, mechi 50, na pointi moja iliyomponyoka

Kwetu, ukisikia fulani ndiye mfungaji bora wa ligi, unajua kafunga mabao mengi kuliko wenzake. Katika hoki ya barafuni hesabu ni nyingine. Huko bao ni pointi moja, na pasi ya bao nayo ni pointi moja; tena wanaoweza kupewa pointi za pasi ni wawili kwa kila bao. Anayeongoza kwa pointi ndiye anayechukua tuzo ya ufungaji. Ndiyo maana Maurice Richard wa Kanada, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, hakuwahi kuipata tuzo hiyo hata mara moja.

Alizaliwa Montreal tarehe 4 Agosti 1921. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli, na yeye mwenyewe alijifunza ufundi wa mashine. Alipoanza kucheza alivunjika mifupa mara kwa mara, kiasi kwamba hata jeshi lilimkataa wakati wa vita. Wapo waliodhani hafai kwa mchezo wa kugongana namna ile.

Msimu wa 1944/45, akiwa winga wa kulia wa Montreal Canadiens, alifunga mabao 50 katika mechi 50. Rekodi ya awali ilikuwa mabao 44 ya Joe Malone, iliyodumu tangu 1918. Kuna waliosema alifunga kwa wingi kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa vitani. Hoja hiyo ina uzito, lakini hata vita vilipokwisha aliongoza ligi kwa mabao mara nne zaidi, na ilipita miaka 36 kabla mwingine hajafikisha 50 ndani ya mechi 50. Hata hivyo aliyeongoza kwa pointi msimu ule alikuwa mwenzake Elmer Lach, aliyekuwa na mabao 26 tu lakini pasi 54: pointi 80 dhidi ya 73 za Richard.

Kilichouma zaidi kilikuja Machi 1955. Richard alikuwa anaongoza kwa pointi, zikiwa zimebaki mechi tatu. Huko Boston aligombana na mchezaji aliyemjeruhi kichwani, na katika vurugu hizo akampiga mwamuzi msaidizi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia mechi zote zilizobaki na za mtoano pia. Wakanada wanaozungumza Kifaransa, ambao walikuwa wengi Montreal ilhali fedha na vyeo vilishikwa zaidi na wazungumzaji wa Kiingereza, waliona wamedhalilishwa wao. Usiku wa tarehe 17 Machi walifanya fujo, mechi ikavunjika na maduka yakavunjwa vioo. Kesho yake Richard mwenyewe alizungumza redioni, akakubali adhabu na kuwasihi watu watulie. Wakatulia.

Katika mechi zilizobaki, mwenzake Bernie Geoffrion alimpita: 75 kwa 74. Mabao walilingana, 38 kila mmoja. Tofauti ilikuwa pasi moja. Geoffrion alizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe kwa kufanya kazi yake, jambo ambalo sisi tunaliona si haki kabisa.

Siku hizi wachambuzi hupima mfungaji pia kwa mashuti: katika mashuti yaliyolenga goli, mangapi yameingia? Aliyepiga 10 akafunga 2 ana asilimia 20, na kisahani kikigonga mwamba hakihesabiwi kuwa kimelenga. Kwa Richard kipimo hicho hakitusaidii. Ligi ilianza kuweka rasmi hesabu ya mashuti ya kila mchezaji msimu wa 1959/60, ambao ndio ulikuwa wake wa mwisho. Kilichobaki ni mabao 544 katika mechi 978 za ligi, yaani zaidi ya bao moja kila mechi mbili, pamoja na mengine 82 ya mtoano na vikombe vinane vya Stanley. Gordie Howe aliivunja rekodi hiyo ya mabao 544 mwaka 1963.

Richard alifariki tarehe 27 Mei 2000. Mwaka mmoja kabla, ligi ilikuwa imeanza kutoa tuzo nyingine, inayohesabu mabao peke yake bila pasi. Inaitwa kwa jina lake.